Bunduki ni haki ya nani? Njia panda ya watetezi wa silaha Marekani

Mwaka 2002 mawakili wachache mjini Washington walikuwa na kesi kamili vichwani mwao, ila hawakuwa na mteja hata mmoja. Walitaka kuivunja sheria ya jiji hilo ya mwaka 1976 iliyowakataza wakazi kuweka bastola nyumbani. Wakaanza kutafuta watu. Hawakuwataka wapenda bunduki wenye sauti kubwa wala wanamgambo wa misituni. Waliwataka watu ambao jaji yeyote, na baada yake msomaji yeyote wa gazeti, angewatazama na kusema: huyu angeweza kuwa jirani yangu.

Wakapata sita. Wanaume watatu na wanawake watatu, weupe wanne na weusi wawili, wa umri wa kuanzia miaka ishirini na kitu hadi sitini na kitu. Alikuwemo Shelly Parker, mwanamke mweusi aliyekuwa akipambana na wauza dawa za kulevya mtaani kwake na akatishiwa maisha kwa sababu hiyo. Alikuwemo Tom Palmer, mwanamume wa mapenzi ya jinsia moja, ambaye huko California aliwahi kujiokoa kwa kuwaonyesha bastola vijana waliotaka kumshambulia. Na alikuwemo Dick Heller, mlinzi aliyeshinda na bastola kiunoni akilinda jengo la serikali, lakini jioni aliiacha kazini kwa sababu sheria haikumruhusu kuwa nayo nyumbani.

Aliyegharamia kila kitu ni Robert Levy, aliyetajirika kwa biashara ya taarifa za fedha kabla ya kusomea sheria ukubwani. Levy hakuwahi kumiliki bunduki. Njia waliyoifuata waliikopa waziwazi kwa Thurgood Marshall na chama cha NAACP, waliobomoa ubaguzi wa rangi mashuleni kwa kupanga kesi moja baada ya nyingine, kila moja ikiandaa njia ya inayofuata. NRA, chama kikubwa kuliko vyote vya wenye bunduki nchini humo, kiliingiwa na hofu. Kiliona wakati haujafika, na kwamba kushindwa mbele ya Mahakama ya Juu kungefunga mlango kwa kizazi kizima. Kikaunga mkono kesi nyingine sambamba na kutaka zote mbili ziunganishwe. Jaji akakataa.

Kesi ilipofika mahakama ya rufaa mwaka 2007, wadai watano waliondolewa kwa kuwa hawakuwa wameomba kibali na kunyimwa. Heller alikuwa ameomba. Ndiyo maana hukumu ya tarehe 26 Juni 2008 inabeba jina lake. Kwa kura 5 dhidi ya 4, Jaji Antonin Scalia akiwaandikia walio wengi, Mahakama ya Juu ilitamka kwa mara ya kwanza kwamba Marekebisho ya Pili ya Katiba, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanamlinda mtu binafsi anayeweka silaha nyumbani ili ajilinde, hata kama si mwanajeshi wa mgambo.

Nimeanza na habari ya wadai hawa kwa makusudi. Wengi wetu tunaoitazama Marekani kwa mbali tunadhani harakati ya bunduki inaendeshwa na fedha za viwanda na kelele za kampeni. Fedha zipo, na kelele zipo. Lakini ushindi wake mkubwa ulipatikana kwa kuchagua. Walichagua wakati, walichagua mahakama, walichagua swali dogo linaloweza kujibiwa, na zaidi ya yote walichagua mtu wa kusimama mbele ya majaji. Leo harakati hiyo ina sheria nyingi upande wake kuliko ilivyokuwa kwa miongo mingi, na papo hapo imepoteza ule uwezo wa kuchagua. Mustakabali wake, kwa maoni yangu, utaamuliwa na swali ambalo imelikwepa kwa zaidi ya nusu karne: haki hii ni ya nani?

NRA haikuzaliwa ikiwa chama cha siasa. Iliundwa New York mwaka 1871 na maofisa wawili waliokuwa upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, William Church na George Wingate, waliosikitishwa na jinsi askari wao walivyokuwa dhaifu katika kulenga shabaha. Kwa karibu miaka mia kazi yake kuu ikawa mafunzo, mashindano na uwindaji. Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya mwaka 1968, uliokuwa mwaka wa kuuawa kwa Martin Luther King na Robert Kennedy, viongozi wake waliikubali kwa shingo upande. Mwaka 1977 viongozi hao walipopanga kuhamishia makao makuu Colorado Springs na kurudi kwenye michezo na mazingira, wanachama wenye msimamo mkali waliuteka mkutano mkuu mjini Cincinnati, wakabadilisha kanuni usiku ule ule na kumpa uongozi Harlon Carter. Kuanzia hapo hakuna kizuizi kilichoonekana kidogo. Kila kimoja kilihesabiwa kuwa hatua ya kwanza ya kunyang'anywa silaha.

Carter na waliomfuata walielewa jambo ambalo wapinzani wao walichelewa kulielewa, kwamba nchi ya majimbo 50 huwezi kuibadilisha ukiwa umekaa Washington tu. Mwaka 1987 Florida ilipitisha sheria iliyomwondolea ofisa uwezo wa kumnyima mtu kibali cha kubeba bastola kwa sababu tu hampendi au hamwamini. Ukitimiza masharti, unapewa. Nyuma ya sheria hiyo alikuwepo Marion Hammer, mshawishi wa NRA mjini Tallahassee, ambaye baadaye alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa rais wa chama hicho. Jimbo baada ya jimbo likaiga. Kisha ukaja mwendo wa pili: kuondoa kibali chenyewe. Alaska ilifanya hivyo mwaka 2003, Arizona mwaka 2010, na kufikia 2024 majimbo 29 yalikuwa yamemruhusu mtu mzima asiye na kosa kisheria kubeba bastola iliyofichwa bila kuomba ruhusa ya mtu. Florida yenyewe iliingia kundini mwaka 2023.

Kazi hiyo haikuvutia kamera. Ilifanyika kwenye kamati za mabunge ya majimbo, na watu waliojua kila mbunge alipiga kura gani na uchaguzi wake ni lini. NRA ilimpa kila mwanasiasa alama, kuanzia A hadi F, na wapiga kura wake walizisoma. Ukitaka kupima nguvu hiyo, chukua Aprili 2013. Miezi minne kabla, watoto 20 na watu wazima 6 walikuwa wameuawa katika shule ya msingi ya Sandy Hook, Connecticut. Mswada wa kupanua ukaguzi wa wanunuzi wa bunduki ulipata kura 54 za maseneta 100. Zilihitajika 60. Ukafa.

Mahakamani nako mambo yalisonga. Hukumu ya Heller iliifunga serikali ya shirikisho tu, maana Washington si jimbo. Ili kuyafunga majimbo na miji, mawakili walikwenda Chicago, na safari hii mdai wao mkuu alikuwa mzee wa miaka ya sabini, Otis McDonald, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Louisiana, akahamia kaskazini akiwa kijana, akatumikia jeshi, kisha akafanya kazi ya matengenezo Chuo Kikuu cha Chicago hadi kustaafu. Nyumba yake ilikuwa imevunjwa na wezi mara kadhaa. Alikuwa na bunduki ndefu za kuwindia, lakini alitaka bastola, na jiji lilikuwa limefunga mlango wa bastola tangu 1982. Tarehe 28 Juni 2010 alishinda, tena kwa kura 5 dhidi ya 4. Majaji waliomuunga mkono waliandika kurasa kadhaa kuhusu watumwa walioachwa huru baada ya vita, na jinsi majimbo ya Kusini yalivyowanyang'anya bunduki kwanza ili yaweze kuwafanyia lolote baadaye. Naamini hapo ndipo hoja ya watetezi wa bunduki iliposimama imara kuliko mahali pengine popote, na ndipo pia ilipojiwekea deni ambalo nitalirudia.

Miaka kumi na miwili ikapita. Kisha, tarehe 23 Juni 2022, ikaja hukumu iliyopindua meza. New York ilikuwa na sheria tangu 1913 iliyomtaka mwombaji wa kibali cha kubeba bastola aonyeshe sababu maalumu. Kwa kura 6 dhidi ya 3, Jaji Clarence Thomas akiandika, mahakama iliifuta katika kesi ijulikanayo kwa jina la Bruen. Lakini uzito wa Bruen uko kwenye kipimo ilichokiweka. Tangu siku hiyo, haitoshi kwa serikali inayotaka kuzuia silaha kuthibitisha kwamba sheria yake inaokoa maisha. Inapaswa kuonyesha kwamba kizuizi hicho kinafanana na mila ya kihistoria ya Marekani ya kudhibiti silaha. Mawakili wa serikali wakajikuta wakifukua sheria za karne ya 18 na 19: za kuhifadhi baruti, za kuzuia watu kutembea na silaha wakitishia wenzao, hata zile za aibu zilizowakataza Waafrika na Wahindi Wekundu kuwa na bunduki.

Hapa ndipo furaha ya ushindi ilipochanganyika na jambo ambalo wapangaji wa 2002 wangelikwepa kwa kila njia. Bruen ilimpa silaha mpya ya kisheria kila mshtakiwa wa kosa la bunduki aliyekuwa rumande. Wakili wake wa utetezi, hata yule anayelipwa na serikali, sasa angeweza kusema: nionyesheni sheria ya mwaka 1791 inayofanana na hii. Harakati haikuwa tena mwenye kuchagua mdai. Wadai walijileta.

Aliyefika kileleni kwanza alikuwa Zackey Rahimi wa Texas. Mwaka 2019 alimburuta mwenzi wake katika eneo la maegesho, kisha akafyatua risasi mbele ya mtu aliyeshuhudia. Mahakama ilitoa amri ya kumzuia asimkaribie mwanamke huyo, na chini ya sheria ya shirikisho amri ya namna hiyo inakuondolea haki ya kuwa na bunduki. Polisi walisema alihusika na mfululizo wa ufyatuaji risasi baada ya hapo, ukiwemo ule wa hewani nje ya mgahawa baada ya kadi ya benki ya rafiki yake kukataliwa. Hata hivyo mahakama ya rufaa ya New Orleans, ikifuata Bruen kwa uaminifu, ilisema sheria iliyomnyima silaha haikuwa na mfano katika historia, kwa hiyo ni batili. Tarehe 21 Juni 2024 Mahakama ya Juu iliikataa tafsiri hiyo kwa kura 8 dhidi ya 1. Aliyebaki peke yake ni Thomas, mwandishi wa kipimo chenyewe. Jaji Mkuu John Roberts aliwakumbusha wote kwamba historia inatoa kanuni, haitaki pacha.

Kwa watetezi wa bunduki lile lilikuwa pigo, nao walikuwa wakiliona likija tangu mbali. Tofauti ya Heller na Rahimi haiko kwenye maandishi ya Katiba. Iko kwa mtu aliyesimama kizimbani.

Wakati haya yakitokea, chama kilichokuwa sura ya harakati kilikuwa kikiporomoka. Wayne LaPierre aliiongoza NRA tangu 1991. Agosti 2020 mwanasheria mkuu wa New York, Letitia James, aliishtaki kwa ubadhirifu. Januari 2021 NRA ilijaribu kukimbilia Texas kwa kutangaza kufilisika, na jaji akaitupa hatua hiyo akisema haikufanywa kwa nia njema. Mahakamani zilitajwa suti za bei mbaya, ndege za kukodi na safari za Bahamas. LaPierre alijiuzulu Januari 2024, na mwezi uliofuata baraza la mahakama likaamua kwamba alitumia vibaya fedha za wanachama na kumtaka arudishe zaidi ya dola milioni 4. Wanachama hao ni wachimba migodi, wakulima na wastaafu waliokuwa wakituma ada zao mwaka hadi mwaka wakiamini zinalinda uhuru. Hasira yangu katika habari hii yote iko hapo. Mwaka huo huo, Mei, NRA ilipata ushindi wa majaji wote tisa katika kesi ya uhuru wa kusema dhidi ya ofisa wa New York aliyedaiwa kuyabana mashirika ya bima yaachane nayo, na wakili wake alikuwa ACLU, shirika la haki za raia ambalo kwa kawaida husimama upande mwingine wa mto.

Nafasi iliyoachwa na NRA imejazwa na vyama vyepesi zaidi na vikali zaidi. Second Amendment Foundation ya Alan Gottlieb, iliyoanzishwa 1974, ndiyo iliyokuwa nyuma ya kesi ya McDonald. Gun Owners of America inajisifu kwamba haijui maana ya maridhiano. Firearms Policy Coalition, changa kuliko hizo, inafungua kesi kwa kasi ambayo Levy asingeithubutu. Kila kimoja kinashindania wafadhili wale wale, na mfadhili huvutwa na kesi mpya, si na uvumilivu. Chama kinachosema "tusubiri" hupoteza ada.

Si kwamba hakuna akili ya mkakati iliyobaki. Tazama kilichotokea mwaka 2025. Tangu 1934 anayenunua kiwambo cha kuzuia sauti cha bunduki au bunduki iliyokatwa mtutu alilazimika kulipa kodi ya dola 200 na kusajiliwa na serikali ya shirikisho. Warepublican walitaka kuviondoa kabisa vifaa hivyo kwenye sheria hiyo kupitia mswada mkubwa wa bajeti, lakini kanuni za Seneti zikawazuia. Wakaishia kuishusha kodi hadi sifuri kuanzia Januari 2026, huku usajili ukibaki. Ilionekana kama nusu mkate. Ila mwaka 1937 Mahakama ya Juu iliihalalisha sheria hiyo kwa hoja kwamba ni kodi. Mara tu Rais Donald Trump alipotia saini, vyama vya bunduki vilikwenda mahakamani na swali jepesi: kama hakuna kodi tena, usajili unasimama juu ya nini? Huo ni ufundi wa kizamani, na wapinzani wao wangefanya vizuri kuuheshimu.

Uwanja mwingine ni bunduki za aina ya AR-15, zinazopigwa marufuku katika majimbo takriban 10. Juni 2025 Mahakama ya Juu ilikataa kusikiliza kesi dhidi ya marufuku ya Maryland, lakini Jaji Brett Kavanaugh aliandika kwamba mahakama inapaswa kulishughulikia suala hilo karibuni. Majaji wengine watatu walitaka lisikilizwe pale pale. Ukijumlisha, unapata wanne, na wanne ndio idadi inayotosha kuifungulia kesi mlango. Oktoba 2025 mahakama ilikubali kusikiliza kesi dhidi ya sheria ya Hawaii iliyomzuia mwenye bastola kuingia nayo dukani au hotelini mpaka mwenye mahali amruhusu. Na Wizara ya Sheria chini ya Trump imeishtaki ofisi ya sherifu wa Los Angeles kwa kuchelewesha vibali vya kubeba silaha, jambo ambalo miaka kumi iliyopita lingeonekana ndoto: serikali kuu yenyewe kuwa mdai wa bunduki.

Lakini serikali hiyo hiyo, katika kesi nyingine iliyokubaliwa Oktoba 2025, ilitaka mahakama iendelee kumnyima bunduki mtu anayevuta bangi. Mshtakiwa alikuwa mkazi wa Texas, jina lake Hemani. Vyama vya bunduki vilisimama upande wake, dhidi ya rais waliyempigania. Kwa hiyo tumerudi pale pale kwenye nani.

Deni nililolitaja ni la zamani. Tarehe 2 Mei 1967 wanachama wa Black Panther, chama cha Wamarekani weusi, wapatao 30, waliingia kwenye jengo la bunge la California mjini Sacramento wakiwa na bunduki zao, kama sheria ya wakati huo ilivyowaruhusu. Walikuwa wakipinga mswada wa mbunge Don Mulford wa kuzuia watu kubeba hadharani bunduki zenye risasi, mswada ulioandikwa kwa sababu Panthers walikuwa wakiwafuata polisi wa Oakland wakiwachunga. Gavana Ronald Reagan, shujaa wa baadaye wa wenye bunduki, aliutia saini mwaka huo huo. NRA iliuunga mkono.

Unaweza kusema hayo ni ya kale. Basi chukua Julai 2016, Minnesota. Philando Castile, mfanyakazi wa jikoni katika shule, alisimamishwa barabarani. Alimweleza polisi kwa utulivu kwamba ana bastola. Alikuwa na kibali halali, amefanya kila jambo ambalo walimu wa NRA hufundisha. Polisi alimpiga risasi na kumuua mbele ya mwenzi wake na mtoto mdogo aliyekuwa kiti cha nyuma. NRA ilitoa tamko fupi lisilomtaja jina, ikisema itasubiri uchunguzi. Mwaka uliofuata polisi huyo aliachiwa huru. Kwa chama ambacho hutoa matamko ndani ya saa chache pindi kibali kinapocheleweshwa mahali fulani, ukimya ule ulisikika katika kila kaya ya Wamarekani weusi wenye bastola. Hawakuacha bunduki kwa sababu hiyo. Wengi wamejiunga na chama chao, National African American Gun Association, kilichoanzishwa Atlanta mwaka 2015, na humo utawakuta akina mama, walimu na wastaafu wa jeshi wanaozungumza lugha ya Otis McDonald.

Swali la nani limefika pia kwa watu waliowahi kutiwa hatiani. Bryan Range wa Pennsylvania alikiri mwaka 1995 kwamba alidanganya kuhusu kipato ili familia yake ipate msaada wa chakula. Hakufungwa hata siku moja, lakini kosa hilo lilimnyima bunduki maisha yake yote. Mahakama ya rufaa ya Philadelphia imemrudishia haki yake mara mbili, mwaka 2023 na tena 2024 baada ya Rahimi. Huyu ni mdai wa aina ya zamani, na kesi yake ni ya haki. Sioni hatari gani Marekani iliepushwa kwa kumkataza baba aliyesema uongo juu ya unga na maziwa. Linganisha na mwaka 2025, Wizara ya Sheria ilipofufua utaratibu wa kurudisha haki ya bunduki uliokuwa umelala tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Miongoni mwa watu kumi wa kwanza alikuwemo mwigizaji Mel Gibson, aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa la kumpiga mwenzi wake. Harakati ikitaka Wamarekani waamini kwamba hii ni haki ya kila mtu, basi mlango wa akina Range ufunguliwe kwa kanuni zinazojulikana, kabla ya mlango wa wenye majina.

Kuna nani mwingine anayetuhusu moja kwa moja. Watu wengi wa kwetu, Wakenya wa Dallas, Wakongo na Warundi waliopokelewa kama wakimbizi, Watanzania wa Houston, wanaishi katika majimbo ambako bastola inauzwa karibu na duka la mboga. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kununua. Mwenye viza ya muda, ya masomo kwa mfano, kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Asiye na karatasi akikutwa na bunduki anaweza kufungwa miaka 15. Na jambo ambalo wengi hawaambiwi dukani: kutiwa hatiani kwa kosa la silaha kunaweza kumfanya hata mwenye ukaazi wa kudumu afukuzwe nchini. Mtu aliyelelewa Kenya au Tanzania, ambako bunduki ni ruhusa inayotolewa na kuondolewa na serikali, anaweza kuingia katika uhuru wa Texas akidhani unamhusu sawasawa na jirani yake. Haumhusu sawasawa.

Hata hivyo hoja ya kujilinda si ngeni kwetu. Septemba 2013, wakati Westgate mjini Nairobi ilipovamiwa, raia wenye leseni za bastola walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuingia kuwatoa waliokwama. Mwezi uliofuata Ronald Noble, Mmarekani aliyekuwa katibu mkuu wa Interpol, aliiambia televisheni ya ABC kwamba dunia italazimika kuchagua kati ya kuzungushia ulinzi mkali maeneo ya umma na kuwaacha raia wajihami. Watetezi wa bunduki Marekani walilipokea neno hilo kwa mikono miwili. Siwalaumu. Waliookolewa siku ile wanajua thamani yake.

Ila Westgate haifanani na vifo vya kila siku vya Marekani. Mwaka 2023 bunduki ziliua watu 46,728 nchini humo. Kati yao 27,300, zaidi ya nusu, walijiua wenyewe. Wengi wa hao hawakuvamiwa na mtu. Walikuwa ndani ya nyumba iliyo na bunduki, na wengi wao ndio wenye bunduki. Harakati inayojiita mlinzi wa wenye silaha inapoteza watu wake kwa njia hii kila mwaka, na kwa miaka mingi imelitazama jambo hili kwa pembe ya jicho, ikihofia kwamba atakayelitaja atakuwa amewapa wapinzani hoja.

Wapo waliolitazama usoni. Mwaka 2009 huko New Hampshire, watu watatu wasiojuana walinunua bunduki katika duka moja ndani ya siku chache, na kila mmoja akajiua muda mfupi baadaye. Mwenye duka, Ralph Demicco, hakujificha. Alikaa na watafiti wa afya ya jamii, akiwemo Catherine Barber wa Harvard, wakaandaa mwongozo wa wauzaji: dalili za kuangalia, maswali ya kumuuliza mteja, na mabango ya kuweka kaunta. Mpango huo ukasambaa majimbo mengine. Mwaka 2016 NSSF, chama cha wafanyabiashara wa bunduki, kiliungana na shirika kubwa la kuzuia kujiua nchini humo katika kazi hiyo.

Hatua inayofuata inajulikana. Yapo maduka yanayokubali kumhifadhia mteja bunduki zake anapopita katika kipindi kigumu, bila polisi na bila amri ya mahakama, kisha kumrudishia. Yangekuwa mengi zaidi, lakini wenye maduka wanahofia kushtakiwa iwapo watairudisha silaha na mwenyewe akajidhuru. Kinachotakiwa ni sheria fupi ya jimbo inayowakinga. Hakuna watu Marekani wanaojua kupitisha sheria fupi za majimbo kuliko watetezi hawa wa bunduki.